Fungu la Saba

Kabla hujakisifu kitabu, hesabu kurasa zake. Cheka tu, lakini yuko mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha kuchapa, aliyekaribia kumwaibisha mwanawe mbele ya ukumbi mzima kwa kutohesabu, na habari yake inamfaa kila mzazi mwenye mtoto msomi.

Kazi ya mama huyo ilikuwa kukusanya. Kitabu hakifiki mezani kikiwa kizima. Kinakuja kama mafungu, karatasi kubwa zilizokunjwa zikawa kurasa kumi na sita kila fungu, na mafungu yenyewe yanapangwa mstari juu ya meza ndefu. Unatembea kando ya meza, unaokota la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la kumi na nne. Ukifika mwisho una kitabu kisicho na jalada mkononi. Unakiweka, unarudi mwanzo, unazunguka tena mpaka miguu ivimbe. Miaka kumi na tisa mama yule alizunguka bila kukosea, wala hakuwa na elimu ya ajabu, darasa la saba lake na vidole kumi.

Wenzake walimwita Bi Wasiwasi, na hawakumsingizia. Mvua ikinyesha anaona mafuriko, jua likiwaka anaona moto. Na wasiwasi wake mkubwa ulikuwa binti yake wa pekee, aliyesoma mpaka akawa mhakiki. Kila Jumapili aliandika gazetini kwamba kitabu hiki kinafaa na kile hakifai, na watu wakamfuata. Mama alifurahi, lakini pia aliogopa. Mtu anayewaambia watu wazima kwamba wameandika vibaya, si ipo siku watamsubiri njiani?

Siku mama aliyokosea, binti alikuwa ametoka nyumbani asubuhi bila chai, kichwa kinamgonga, na kufika saa nne simu yake haipatikani. Bi Wasiwasi akazunguka meza na simu kifuani. Kila hatua mbili anaichungulia. Kichwani mwake binti alishazimia barabarani, amezungukwa na watu asiowajua, na kiatu kimoja kimeibwa. Kumbe simu ilikuwa imekwisha chaji tu. Lakini katika mzunguko mmoja wa siku hiyo, mama akachungulia simu alipofika fungu la saba, akapita, akaokota la nane. Jioni fungu la saba moja likabaki mezani peke yake. Akadhani wachapaji walizidisha, akalitia kwenye mfuko wake wa kazini.

Kitabu kile kilikuwa riwaya ya mzee mmoja aliyestaafu posta, na kila mtu akamwita hivyo hivyo, Mzee wa Posta. Vitabu vilipokwisha kushonwa na kuvikwa majalada, wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua nakala moja moja. Bi Wasiwasi akapekua rundo zima atafute yenye jalada lisilo na doa, ampelekee mwanawe. Kati ya nakala elfu moja, akaichagua ile ile.

Jumapili ya tatu, gazeti likatoka. Binti alikuwa amekisifu kitabu kuliko alivyowahi kusifu chochote. Aliandika kwamba kijana wa riwaya, kwenye ukurasa wa tisini na sita, anafunga begi lake aondoke kwao, anajitazama kwenye kioo, "na humo akaona", ukihamia ukurasa unaofuata unakuta, "kichwa kizima kimejaa mvi". Miaka thelathini na tano imerukwa katikati ya sentensi! "Pengo hili," aliandika, "ndilo tendo la ujasiri mkubwa kuliko yote niliyoyasoma mwaka huu."

Kiwandani gazeti likapita mkono kwa mkono. Mwenzake wa mezani, ambaye kwa kusema kwake walimwita Redio, akashika kifua.

"Shoga, lile pengo! Nilipolifika mimi, nywele zilisimama."

"Kwani umekisoma?"

"Nakisoma. Niko mwanzoni mwanzoni."

Jumapili iliyofuata, Daktari mmoja, mwalimu wa fasihi aliyezoea kuandika gazeti jingine, naye akasema pengo lile lilimkata pumzi. Basi ikawa pengo, pengo, pengo. Saluni pengo, benki pengo. Mwenye duka la vitabu akaandaa mkutano wa wasomaji Jumamosi, Mzee wa Posta mwenyewe awepo, na mhakiki aseme. Bi Wasiwasi akakata makala ya mwanawe kwa mkasi, akaiweka ndani ya pochi karibu na kitambulisho.

Jumatano kabla ya mkutano, akaja kinyozi. Aliingia kiwandani na nywele za wateja bado zimo mabegani, kitabu mkononi, akamtaka bosi.

"Mmeniuzia kopi mbovu."

"Ina kasoro gani?"

"Haina pengo. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani ya mke wangu. Huyu jamaa wangu anaishi miaka yake yote, mmoja mmoja, harukiruki. Wateja wangu wote wamepata pengo isipokuwa mimi. Nibadilishieni."

Bosi akafungua, akasoma, akakuna kichwa. Akatuma iletwe nakala nyingine kutoka stoo, nayo haina pengo. Akafungua ya tatu, akailinganisha na makala ya gazeti: kioo kiko ukurasa wa tisini na sita, mvi ziko mia na kumi na tatu.

"Wasomi wana macho yao," akasema mwishowe. "Wao wanaliona, sisi hatulioni. Lakini mteja akitaka pengo, tumpe pengo." Akampigia simu mwandishi pale pale kwa spika, na Bi Wasiwasi, aliyekuwa amesimama na rundo kifuani, akasikia kila neno.

"Mzee, wasomaji wanataka lile pengo lionekane vizuri. Tukitoa kurasa za tisini na saba mpaka mia na kumi na mbili, itakaa sawa sawa."



"Hizo ndizo kurasa nilizoanza kuziandika," sauti ya mzee ikasema. "Lakini kama waliosoma wameona hivyo, mimi ni nani?"

Bosi akakata simu. "Jumatatu tunazibandua zile nakala mia nne zilizobaki. Bi Wasiwasi, wewe una mkono mwepesi. Fungu la saba nje."

Fungu la saba! Rundo lilimponyoka mama, likatapakaa sakafuni. Akapiga magoti kuokota huku anahesabu: fungu la sita linaishia tisini na sita, la nane linaanzia mia na kumi na tatu. Mfuko wake wa kazini ulikuwa unaning'inia msumarini, na ndani yake kuna kurasa kumi na sita.

Mchana wenzake walipokwenda kula, alijikunyata stoo akazisoma, kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa. Yule kijana amepata kazi dirishani posta. Kila mwezi inaingia barua kutoka kwa mama yake, na barua zote zinapita mikononi mwake mwenyewe: anaipiga muhuri, anaitia kwenye sanduku lake, anasema atajibu kesho. Barua zote zinaanza na neno moja, Umekula? Miaka inakwenda. Halafu mwezi mmoja barua haiji, na yeye anakaa dirishani ameshika muhuri, hana cha kupiga.

Bi Wasiwasi alilia mpaka Redio akaja kuuliza nani kafa.

Siku mbili alizunguka meza akiwaza. Akisema, amemvua nguo mwanawe na kazi yake mwenyewe imekwenda. Akinyamaza, Jumatatu atazing'oa zile barua kwa mkono wake, nakala mia nne, na atakayekinunua kuanzia hapo hatazisoma kamwe. Na huyo binti Jumamosi atasimama mbele za watu asifu kitu ambacho hakipo. Ijumaa alasiri akajikaza kisabuni, akaingia sebuleni.

Binti alikuwa anapiga pasi gauni la kesho huku akijisomea hotuba.

"Mama, sikia hapa. 'Ukimya ule una kelele kuliko maneno.' Imekaaje?"

"Imekaa, mwanangu. Umekula?"

"Mama! Nakuuliza habari ya ukimya."

"Hebu niangalizie ukurasa wa tisini na saba."

"Wa nini?"

"Niangalizie tu."

Binti akavuta kitabu kwa mkono mmoja. "Tisini na tano, tisini na sita, mia na kumi na..." Akarudi nyuma. Akalamba kidole, akafunua tena taratibu, kana kwamba kurasa zimejificha. "Mama, hiki kitabu ni kibovu."

"Ndiyo."

"Nani huyo mjinga aliyekikusanya?"

"Amesimama mbele yako."

Gauni likaanza kutoa moshi. Mama akawahi kuinyanyua pasi, lakini mgongoni tayari pamechorwa alama ya kahawia, na hakuna kati yao aliyeitazama.

"Nani mwingine anajua?" binti akauliza, sauti chini.

"Mimi, wewe na Mungu."

"Basi iishie hapo hapo. Mzee mwenyewe si amekubali zitolewe?"

"Amekubali kwa sababu umemtisha na maneno yako makubwa. Mtu mzima huyo, kaambiwa gazetini kwamba uzuri wake uko mahali ambapo hakuandika. Atabisha vipi?"

"Mama, watanicheka mpaka nizeeke. Nilisifu shimo! Unajua watu waliosubiri nianguke ni wangapi?"

"Najua. Nawahesabu kila siku kabla sijalala." Akatoa fungu mfukoni, akaliweka juu ya meza ya pasi. "Mimi sikusoma kama wewe. Soma. Ukimaliza ukasema zing'olewe, Jumatatu nitazing'oa na sitakuuliza tena."

Akaenda jikoni, akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Alisikia karatasi ikigeuka. Baadaye hakusikia kitu. Binti alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini alichosema ni kimoja tu: kama kuna chakula kilichobaki. Akala, na mama hakuthubutu kuuliza kitakachosemwa kesho.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mzee wa Posta alikaa mbele na koti lililompwaya mabega, mikono magotini kama mtu anayesubiri sindano. Daktari akatangulia. Alikipunga kitabu chake juu, akaeleza jinsi pengo lile lilivyomwamsha usingizini. Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema yeye alipolifikia ilibidi akiweke chini kitabu avute pumzi. Watu wakatikisa vichwa kwamba nao pia, nao pia.

Kisha akasimama binti, amevaa gauni lake la kazini.

"Nina neno fupi," akasema. "Nakala yangu ilikuwa pungufu. Kurasa kumi na sita hazikuwemo. Nilichokiita ujasiri wa mwandishi kilikuwa kosa la kiwanda, na mimi sikutazama hata namba za kurasa. Naomba radhi kwa mzee na kwenu."

Kicheko kikaanzia nyuma. Mtu akapiga mluzi. "Keti chini, mhakiki!" mwingine akapaza sauti. "Rudi ukajifunze kuhesabu!"

Hapo Bi Wasiwasi akajikuta amesimama. Mdomo ulishatangulia.

"Msimzomee mwanangu! Aliyeruka ni mimi, mimi ndiye mkusanyaji. Bosi wangu yuko pale, anisikie." Akainua lile fungu juu. "Lakini nakala pungufu ilikuwa moja tu, kwa sababu fungu lililobaki lilikuwa moja, hili hapa. Nakala zenu zote ni nzima. Sasa hebu niambieni, wanangu, nyie wengine mliruka wapi?"

Kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa. Daktari akafungua kitabu chake taratibu, akafika ukurasa wa tisini na saba, akaukuta upo, akageuza, na wa tisini na nane upo. Akakifunga, akaomba maji. Yule mama wa mstari wa mbele akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na alikitafuta muda mrefu sana.

"Si niliwaambia!" kinyozi akapiga kelele kutoka mlangoni. "Mara mbili nimesoma! Na miwani ya mke wangu!"

Ukumbi ukavunjika mbavu, na safari hii waliocheka walijicheka wenyewe, angalau wengi wao. Bosi akainama mpaka sikioni kwa Bi Wasiwasi.

"Kwa hiyo Jumatatu hatubandui?"

"Hatubandui, bosi."

"Na wewe njoo ofisini tuongee."

"Nitakuja," akasema mama, lakini macho yake yalikuwa kwa binti, ambaye hakuwa ameketi. Alikuwa amemgeukia Mzee wa Posta.

"Mzee, jana nimezisoma," binti akasema, kwa sauti ile ile ya Jumapili. "Nitakwambia kweli. Kurasa tatu za mwanzo zinachosha. Umeorodhesha mihuri kama mtu anayekagua stoo, karibu niziweke chini. Lakini inapoingia barua ya kwanza ya mama, sikuweza kukaa. Nilisoma nimesimama mpaka mwisho."

Bi Wasiwasi akafumba macho. Ameomba radhi sasa hivi, tayari ameanza tena! Mzee akainuka polepole, na watu wa mstari wa mbele wakaondoa miguu, wakidhani anatoka kwa hasira.

"Tatu?" akauliza.

"Tatu. Labda mbili na nusu."

Mzee akavuta kiti chake mpaka ubavuni kwa binti, akavaa miwani, akapapasa mfuko wa lile koti kubwa akatoa kalamu ya risasi. Kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yalitulia.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Nionyeshe zinapoanzia kuchosha."