Fimbo ya Wanaokosea

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila kichwa cha fimbo ya gofu kilichotengenezwa pale kililazwa juu ya fuawe, lile pande la chuma la kufulia vyuma kwa nyundo, na Fundi Mkuu akakigonga kwa nyundo ndogo ya shaba huku amefumba macho. Kikilia sauti nyembamba na ndefu, kimepita, kinakwenda kutiwa mpini. Kikitoa sauti butu, aliyekitengeneza anakabidhiwa nyundo kubwa akivunje mwenyewe, pale pale, mbele ya wenzake. Fundi mwenyewe aliwahi kuvunja vyake, tena bila kununa. Chuma kilichofuliwa kikiwa na ufa ndani, ufa huo hauonekani kwa macho lakini unasikika. Huo ndio uliokuwa msingi wa sheria, na tuseme ukweli, ulikuwa msingi mzuri. Hakuna mchezaji aliyewahi kurudi pale na kichwa kilichokatika.

Tabu ilianza siku binti wa Fundi Mkuu alipoleta kichwa ambacho hakikufuliwa.

Walimwita Nta, kwa sababu mikono yake ilinuka nta asubuhi hadi jioni. Nyuma ya karakana, kwenye banda lililokuwa stoo ya makaa, alijijengea tanuri kwa matofali ya kuokota, akajifunza kumimina chuma kama wanavyomimina koki za maji na vipuri vya pampu. Ni kazi ya subira. Anamimina nta kwenye kalibu, inatoka na umbo la kichwa cha fimbo. Anavibandika vichwa hivyo vya nta kwenye kijiti kimoja, anavichovya katika uji wa udongo laini, anavinyunyizia mchanga, anangoja vikauke, anachovya tena, mpaka vinavaa ganda gumu. Ganda likitiwa motoni nta yote inayeyuka na kutoka, inabaki nafasi tupu, na humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinamomiminwa. Kikipoa, anavunja ganda, na kichwa kimo ndani vile vile kilivyokuwa cha nta, hata alama ya kidole chake kama aliisahau.

Baba yake aliiita kazi hiyo upishi.

"Chuma hakipikwi," alikuwa akisema. "Chuma kinapigwa mpaka kielewe."

Lakini kuna mambo nyundo haiyawezi, na Nta aliyajua kabla ya kujenga lile tanuri. Usichana wake wote aliumalizia kwenye meza ya tupa, akilainisha vichwa vya wenzake na kusafisha fimbo zilizoletwa kutengenezwa. Pale ndipo alipoona jambo ambalo wengine waliliona kila siku bila kuliona. Fimbo za Bingwa, mchezaji mkubwa kuliko wote uwanjani, zilichubuka mahali pamoja tu, katikati ya uso, doa lisilozidi sarafu. Fimbo za daktari wa meno, ambaye kwa mchezo alikuwa kichekesho cha mtaa, zilichubuka kila mahali isipokuwa hapo. Na uwanjani Bingwa alikuwa mmoja, akina daktari walikuwa wamejaa tele. Nta akajiuliza kwa nini karakana nzima inamtengenezea fimbo mtu mmoja.

Akachonga nta. Akauchota mgongo wa kichwa ukabaki na shimo, na uzito aliouchota akausogeza pembeni, kwenye kingo zote, hasa chini na kwenye pua, ile ncha ya mbele. Kichwa chenye uzito pembeni hakipinduki ovyo mkononi mpira ukigusa pasipotakiwa. Umbo kama hilo hulifui kwa nyundo hata ufue mpaka kiama, ila nta inakubali umbo lolote.

Siku alipokileta, mafundi waliacha kazi wakasogea. Fundi Mkuu alikigeuzageuza, akaingiza kidole gumba kwenye lile shimo, akaguna.

"Hiki nani amekila nyama ya mgongo?"

"Panya wa bandani," akadakia kaka yake Nta, mfuaji mwenye mikono minene na mdomo usiojua kupumzika. Wakacheka.

"Nimekitengeneza mimi, Fundi," akasema Nta. Kazini hakumwita Baba.

Mzee akakilaza juu ya fuawe, akafumba macho, akagonga. Du. Ndivyo kilivyosema, du, kama mtu anayegonga meza kwa kifundo cha kidole. Akafumbua macho. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi binti yake. Alichukua tu nyundo kubwa akamwelekezea mpini.

"Vunja."

"Sivunji."

Hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo mbele ya fuawe ile. Kaka mtu akaacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Hakina ufa," Nta akaendelea. "Sauti imebadilika kwa sababu umbo limebadilika. Kipigie mpira kwanza, ndipo uniambie kama ni kibovu."

"Sheria haikusema kipige mpira. Ilisema kilie."

"Basi sheria haikijui."

Mzee akaiegemeza nyundo kubwa kwenye fuawe. "Haya. Jumamosi Bingwa anakuja kuchukua fimbo zake. Atakipiga yeye. Akikikubali, kimepita, na mpini nitakitia kwa mkono wangu. Akikikataa, unakivunja, tanuri lako linazimwa, na wewe unarudi kwenye tupa. Umekubali?"

"Nimekubali," akasema Nta. Ile meza ya tupa aliichukia kuliko kitu chochote duniani.

Jioni, wakifagia, kaka yake alimfuata bandani.

"Mdogo wangu, acha ukaidi. Mimina kingine, lile shimo ulijaze. Kitalia kama kengele, mzee atapitisha, yataisha. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nikilijaza kitakuwa cha Baba. Nimebabuka mikono na moto ili nitengeneze cha Baba?"

"Una kichwa kigumu wewe."

"Nimekirithi."

Alijibu hivyo kwa ujeuri, lakini tusimpambe. Kaka yake alipoondoka, alikaa na donge la nta mkononi akilitazama lile shimo, na mara mbili alilisogeza donge karibu. Aliogopa sana. Mwishowe akalitupa ndani ya sufuria ya kuyeyushia, akafunga banda, akaenda zake.

Jumamosi walipita wote mlango mdogo wa nyuma wakaingia sehemu ya mazoezi ya uwanja wa gofu. Bingwa alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Alipiga mpira wa kwanza kwa fimbo ya Nta, iliyotiwa mpini wa muda kwa ajili ya jaribio, ukaenda ulikotumwa. Wa pili ukaufuata. Alipiga mpaka mipira yote ikalala karibu na kibendera, kisha akaitazama fimbo kama mtu aliyesalimia asijibiwe.

"Inapiga," akasema. "Ila haisemi kitu mkononi. Ya Fundi inaniambia kila kitu. Hii imenyamaza. Samahani, dada, mimi siitaki."

Fundi Mkuu alikuwa amekuja na nyundo kubwa. Ndiyo, alitoka nayo karakanani, mzee yule hakuwa na dogo.

"Bado," akasema Nta. "Bingwa hajakosea hata mpira mmoja. Hii ni fimbo ya mtu anayekosea. Atajuaje ubaya wake au uzuri wake? Niitieni Daktari."

Daktari wa meno hakuwa mbali. Kila Jumamosi alikuwapo, na Jumamosi hiyo alikuja kunyooshewa fimbo aliyoipindia kwenye mzizi. Mafundi walipasuka mbavu, naye akacheka pamoja nao.

"Mimi kuitwa uwanjani? Leo kweli mmeishiwa watu."

Akapewa kwanza fimbo ya Fundi. Akajikunja, akafyatua. Mpira ulikimbilia uzio, naye akaiachia fimbo na kukung'uta vidole kama aliyeshika sufuria ya moto. Akapewa ya Nta. Alikosea vile vile, tena zaidi: aliugusa mpira kwa pua ya fimbo, na kila mtu alisikia kwamba ameuharibu. Mpira ulitoka chinichini, mbaya, hauna adabu, lakini ulinyooka mpaka karibu na kibendera. Akapiga mwingine, akaugusa kwa kisigino, upande wa mpini. Nao ukanyooka. Akaacha kucheka, akautazama mkono wake.

"Haijaniuma," akasema polepole.

"Hapo ndipo penyewe!" Fundi Mkuu akapandisha sauti. "Maumivu ndiyo yanayomfundisha mtu. Ukimwondolea maumivu, atapiga ovyo mpaka siku ya kuzikwa!"

"Daktari anakuja hapa tangu mimi niko kwenye tupa," Nta akamjibu. "Miaka yote hiyo anafundishwa na maumivu. Amejifunza nini?"

"Nimejifunza njia ya kuja karakanani," akasema Daktari, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Na mimi ulinifundisha hivyo hivyo, Baba." Sauti yake ilitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Tupa ikiteleza, rula kwenye vidole. Nilichojifunza ni kukuogopa. Kumimina chuma nilijifunza peke yangu, na hakuna aliyenipiga."

Mafundi waliangalia nyasi. Mzee alihamisha nyundo kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini.

"Bingwa amekataa. Tulikubaliana."

Ilikuwa kweli, walikubaliana. Nta aliipokea nyundo. Alirudi karakanani, wote nyuma yake kama msafara wa mazishi, akakichomoa kichwa kwenye mpini wa muda, akakilaza kwenye fuawe, akakipiga shingoni mpaka kikakatika. Walingoja machozi. Badala yake alimrudishia baba yake nyundo mkononi na kumtazama usoni.

"Sheria yako nimeitii. Sasa nisikilize. Kichwa cha kufuliwa ukikivunja kimekufa, kwa sababu kilikuwa kimoja. Changu kina kalibu. Nta ninayo, udongo ninao, na vingine vinakauka bandani sasa hivi. Jumatatu nitakuletea kingine kama hiki, hakijapungua wala kuzidi. Utakigonga, hakitalia, utanipa nyundo, nitakivunja. Nitaleta kingine. Tutaona nani atachoka."

"Nilisema tanuri linazimwa."

"Tanuri nimelijenga mimi. Anayetaka kulizima aje na ndoo yake ya maji. Atanikuta mlangoni."

Siku hiyo hakuna aliyekuja na ndoo, wala siku iliyofuata. Aliyekuja bandani ni Daktari, amejipenyeza kama mwizi.

"Niuzie kimoja tu, kimyakimya. Kabla hakijafika kwenye hiyo fuawe yenu."

Nta alikuwa na vitatu vilivyopoa mbele yake, na hakuna aliyekuwa akiwaona. "Hapana, Daktari. Hakitoki kwa mlango wa nyuma. Kitatokea kule kule vinakotokea vyote."

Jumatatu akaleta kingine. Du. Akapewa nyundo, akavunja, akarudi kazini. Akaleta kingine, na kingine. Mwanzoni mafundi walikonyezana na kuwekeana dau la soda. Baadaye wakaacha. Ilipofika zamu ya Nta walijifanya wana shughuli, wakainama juu ya kazi zao wakiwa na uso wa watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Kaka yake aliishiwa mizaha kabisa. Asubuhi moja alimwambia, "Leo nipe nikuvunjie mimi, upumzishe mkono." Nta akamwambia mkono ni wake na vichwa ni vyake. Alikuwa amechoka, usidhani hakuchoka. Bega lilimuuma, na kila shingo iliyokatika ilimpandisha hasira upya. Hasira hiyo ndiyo iliyomrudisha bandani kuchovya vingine.

Mzee naye alikuwa akibadilika, ingawa angekukatalia. Aligonga kwa nguvu mwanzoni, kisha kwa nguvu kidogo, kisha kama anayebisha hodi mahali ambapo anajua hatakaribishwa. Na rundo lililokuwa pembeni ya fuawe lilikua.

Siku ilipofika, haikuwa na dalili yoyote. Nta alikuja na kichwa chake kama kawaida, akakilaza. Fundi Mkuu akagonga. Du. Akagonga tena, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, na safari hii hakufumba macho. Nta alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kungoja nyundo kubwa. Nyundo haikuja.

"Kiondoe hapa," mzee akasema. "Mpelekee daktari wako."

Nta hakukigusa.

"Kimepita au hakikupita?"

"Hakilii."

"Sikuuliza kama kinalia, Fundi. Nimeuliza kama kimepita."

Mashine ya kusagia ilizimwa mahali fulani, kisha na nyingine. Mzee alilitazama rundo la vichwa vilivyokatika shingo, vyote sawasawa, havitofautiani hata kwa unywele, na binti yake akamkazia macho bila kupepesa.

"Kimepita."

"Sema wasikie na wenzetu."

Akasema kwa sauti, mpaka waliokuwa kwenye milango wakasikia. Nta akakichukua kichwa chake, akakipeleka mwenyewe kwenye meza ya mipini, akakiweka pamoja na vingine, na asante hakusema.