Uzito wa Jeneza la Jenerali

Asahel Thorne alikuwa ametengeneza majeneza mengi katika useremala wake, lakini hili lilikuwa la kwanza kulitengeneza akijua hakuna atakayelala ndani. Jenerali Washington alikuwa amekwisha kuzikwa tangu Desemba, kwao Virginia, mbali sana na Massachusetts. Hata hivyo kila mji ulitaka kumzika. Bunge lilitangaza kwamba tarehe ishirini na mbili Februari, siku aliyozaliwa, nchi nzima imwomboleze, na watu wa Tarbell, mji wa Asahel, wakaamua kwamba maombolezo bila jeneza si maombolezo.

Asahel alilikata kwa kimo cha Jenerali, futi sita na kitu, akalipaka rangi nyeusi. Siku mbili kabla ya mazishi, wazee sita waliopigana vitani chini ya Jenerali wakaja karakanani kujaribu kulibeba. Walijipanga, wakahesabu hadi tatu, wakanyanyua kwa nguvu zao zote. Jeneza likaruka juu, nusura ligonge dari.

"Jenerali amekonda," alisema Silvanus, mtengeneza mapipa, na wote wakaangua kicheko.

Shemasi Lemuel Pratt hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya mazishi, tena ndiye aliyeandika hotuba ya maisha ya marehemu. "Likipita barabarani linachezacheza hivi, tutachekwa hadi Boston. Lazima liwe na uzito."

"Tulijaze viazi. Kwangu vipo tele."

"Yaani Silvanus, umzike Rais wa kwanza wa nchi hii na viazi vyako?"

"Alikuwa mkulima, Shemasi. Asingekasirika."

"Uzito ninao mimi," ilisema sauti kutoka pembeni ya jiko.

Alikuwa Bibi Keziah Doane, ajuza mwembamba aliyewaletea wabebaji mkate wa mahindi. Mwanawe wa pekee, Reuben, fundi mhunzi, alikufa miaka ishirini na miwili iliyopita katika kambi ya Valley Forge, kwenye ile baridi ambayo jeshi la Jenerali lilikaa bila chakula wala nguo za maana. Reuben alikuwa ameandika barua kwamba hana viatu. Mama yake akamshoneshea viatu vya soli nene, akavituma kwa gari la farasi, na gari likarudi navyo.

"Nina viatu vyake," alisema, "na nyundo yake, na lile fuawe lake dogo, pande la chuma alilokuwa akifulia misumari juu yake. Naomba viingie humo."

Asahel aliinamisha macho kwenye maranda yaliyotapakaa sakafuni. Yeye alikuwapo kule kambini. Alikuwa mmoja wa waliochimba, ardhi ikiwa ngumu kama chuma, na Reuben akawekwa shimo moja na wenzake wanne. Kwa miaka yote hiyo Bibi Keziah hakuwahi kumuuliza kama mwanawe alipata jeneza, na kila alipoagana naye bila kuulizwa, Asahel alishukuru kimoyomoyo.

Shemasi alikohoa. "Bibi Doane, mwanao namheshimu. Lakini hili ni jeneza la Jenerali. Tukimchanganya na askari wa kawaida, watu watasema nini?"

"Haya," alisema Bibi Keziah bila kununa, akakaa kwenye benchi la kurandia. "Basi nisomee hiyo hotuba yako. Siku yenyewe nitakaa nyuma, na masikio yangu unayajua."

Shemasi hakuweza kukataa, maana hotuba yake aliipenda. Akaitoa mfukoni, akaanza. Akasoma habari za Jenerali akiwa kijana mpima ardhi aliyelala porini kando ya moto. Kamanda aliyeshindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, lakini hakukata tamaa. Mtu ambaye, vita vilipokwisha, jeshi lote likiwa mkononi mwake, aliwarudishia wabunge madaraka waliyompa akaenda zake nyumbani. Akasoma habari za Rais aliyekaa miaka minane, kisha akaondoka kwa hiari yake, wakati angeweza kukaa mpaka kufa.

"Hapo nampenda," alisema Bibi Keziah. "Na wale watumwa wake?"

"Inasemekana wosia wake unawaacha huru, mkewe akishafariki."

"Kwa nini wangoje?"

Shemasi alizigeuzageuza karatasi zake. "Hilo sikuliandika."

"Liandike. Alikuwa binadamu, ataweza kulibeba. Sasa nisomee ile baridi."

"'Katika baridi ile kali, Jenerali hakuwakimbia askari wake, bali aliteseka pamoja nao.'"

"Pamoja nao."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na unaamini?"

Mkono wa Shemasi ulioshika karatasi ulishuka polepole. "Naamini."

"Mimi pia. Ndiyo maana nafasi nimemwomba Jenerali mwenyewe. Wewe nimekuja kukuarifu tu."

Silvanus aligeuka akatazama dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko. Shemasi aliikunja hotuba yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hilo fuawe," alisema hatimaye, "lina uzito gani?"

Kesho yake Bibi Keziah alivileta vitu vyake kwa sleji, kigari cha kuburuta juu ya theluji. Asahel aliliweka fuawe katikati, akalikaza kwa vipande vya mbao lisibingirike, na nyundo kando yake. Viatu akaviweka mwishoni, pale miguu inapokaa.

"Vifunge kamba," alisema Bibi Keziah. Asahel alipoinama kuzifunga, bibi akamuuliza, "Kule alipata jeneza?"

Vidole vya Asahel vilisimama. "Hapana, mama. Tulimzungushia blanketi."

"Lipi? Langu?"

"Lako. Lile la mistari ya buluu."

Bibi Keziah aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Lilikuwa zito lile. Haya, mwanangu, funika."

Siku ya mazishi, kaburi lilikuwa tayari. Walikuwa wamewasha moto juu ya ardhi siku mbili mpaka barafu ikalegea. Wabebaji walihesabu hadi tatu, wakanyanyua, wakaguna. Jeneza lilipita barabarani limetulia juu ya mabega yao. Kanisani Shemasi alisoma vizuri, na la watumwa alikuwa ameliandika. Alipofika kwenye ile baridi, aliisoma sentensi ya Jenerali kuteseka pamoja na askari wake. Akainua macho hadi benchi la nyuma kabisa, akaisoma ile sentensi mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayezungumza na mwenye masikio mazito.

Baadaye Asahel alimshika mkono Bibi Keziah kwenye theluji mpaka mlangoni kwake.

"Leo nimefagia chini ya kitanda," alisema bibi, akitafuta kitasa. "Pale vilipokuwa vitu vyake. Vumbi la miaka ishirini na miwili, Asahel. Nimepiga chafya asubuhi nzima."