Bata wa Getini

"Bado," sauti ya mwongozaji ilisema kwenye hedifoni. "Bata wako anaongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Mimi nataka bata."

Kikohozi akajifuta jasho. Katika kile chumba kidogo chenye kuta za sponji hakukuwa na feni, maana feni huvuma na kinasa sauti hakina siri. Mbele yake, kwenye skrini, bata bukini mnene wa kuchorwa alisimama kwenye geti la nyumba ya kweli, mbele ya watu wa kweli, kavaa kofia ya mlinzi. Ilikuwa filamu ya kuchekesha ya familia nzima. Baba, mama na watoto walikuwa waigizaji wenye miili yao, lakini wanyama wao wote walikuwa wa kuchora, na wote walikuwa na maneno mengi kuliko mawakili. Kazi ya studio ilikuwa kuwatia Kiswahili midomoni.

Jina la Kikohozi alilipata humohumo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mtu wa nyuma. Filamu ikihitaji minong'ono ya sokoni, mlevi anayekoroma, au mgonjwa anayekohoa kitanda cha pili, huitwa yeye. Alikohoa vizuri mno, hata watu wakasahau kwamba ana jina jingine. Bata huyu ndiye aliyekuwa mhusika wake wa kwanza mwenye maneno, na alikuwa akimponyoka.

"Mara ya mwisho hii, kaka. La sivyo namwita mwingine."

Ulimi hauna mfupa. Ule wa Kikohozi ulikimbilia mahali palipokuwa karibu kuliko pote, na mahali hapo palikuwa nyumbani kwake. Akalegeza upande mmoja wa mdomo. Akameza mate. Akajipiga paja kwa kiganja, pa!, kama anayesukuma mlango uliokwama, na neno likatoka likijikokota: "Shi... shimama! Hapa hapiti m-mtu!"

Kisha, ng'ambo ya kioo, akamwona fundi mitambo ameinamia meza, mabega yakimtetemeka. Mwongozaji alikuwa akifuta machozi.

"Huyo!" alipiga kelele. "Huyo huyo! Na hilo kofi la paja libaki, litaendana na pigo la bawa!"

Kikohozi hakuwahi kuchekesha watu namna ile maishani mwake. Alinogewa. Alirudia, akarudia tena, na kila mara akaongeza chumvi kidogo. Alipovua hedifoni ndipo alipohisi shavu limechoka, akakumbuka mdomo ule ni wa nani.

Ulikuwa wa dada yake.

Dada mkubwa ndiye aliyemlea. Alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, na mji mzima ulimwita Spika. Kikohozi alikulia chini ya meza ya chumba chake cha matangazo, juu ya ngazi, akifanya hesabu za shule huku sauti ya dada ikiwatuma watu pande zote za nchi. Kila alichojua kuhusu kusema alikijua kutoka kwake. "Meza mate kwanza," alikuwa akimwambia. "Ngoja kelele ziishe. Ndipo useme. Anayeshindana na kelele anakuwa kelele."

Kisha kiharusi kikampitia. Mkono ukarudi, mguu ukarudi, mdomo ukabaki nyuma. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akamfundisha kujipiga paja neno linapokwama, ili lipate mwendo wa kutokea. Tangu hapo dada hakutoka nje bila kujiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kila alasiri, kabla ya chai, Kikohozi alimshikia kioo naye akasoma mazoezi yake: pa, ba, ma. Binti yake Kikohozi, ambaye mama yake alifanya kazi mji mwingine na kurudi kila mwisho wa mwezi, alikaa kando akimsahihisha shangazi yake kama mwalimu mkuu.

Na mazoezi yalikuwa yameanza kulipa. Mkuu wa stendi alipita kumjulia hali, wakaongea kitambo, na alipoaga akasema, "Spika, njoo ile Jumatatu ya kufungua shule. Utangaze basi moja tu, tuone. Kiti chako hakijakaliwa na mtu anayekijua." Dada alilia siku hiyo, halafu akacheka, halafu akaomba kioo ingawa mazoezi yalikuwa yamekwisha.

Filamu ilitoka mwanzoni mwa likizo. Haikupita wiki, mtaa mzima ukajaa mabata. Watoto walijipiga mapaja dukani, bombani, kwenye ngazi. "Shimama! Hapa hapiti m-mtu!" Kikohozi akisikia, anageuza njia. Alikwenda studio akamwomba mwongozaji sauti ile irekodiwe upya, kwa gharama yake mwenyewe.

"Umeota pembe?" mwongozaji alimshangaa. "Watu wanakwenda kwa ajili ya bata wako. Chukua hizi tiketi, peleka familia."

Aliziingiza tiketi tatu ndani ya kiatu chake cha harusi na kumwambia dada yake kwamba ukumbi umejaa mpaka mwezi ujao. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi ya mwisho ya likizo, asubuhi, binti yake alikuja sebuleni amevaa kiatu kile, akiburuta mguu.

"Baba, kiatu chako kina makaratasi."

Dada aliyachukua, akayasoma, akatabasamu kwa ule upande uliokubali kutabasamu. "Mdogo wangu," alisema polepole, "unanionea haya?"

"Hapana, Dada! Hata kidogo!"

"Miaka yote nakaa mbele ya runinga nasubiri kikohozi chako. Nikikisikia naruka, nasema huyo! Leo una maneno, halafu unaniambia ukumbi umejaa?" Akajipiga paja taratibu. "N-nitavaa gauni la bluu."

Angemwambia hapo. Nafasi ilikuwepo, pana kama uwanja. Lakini aliutazama uso ule uliojaa furaha, akaona afadhali lije lenyewe. Uoga wake aliuita huruma, akaenda kupiga gauni la bluu pasi.

Alasiri hiyo ukumbi ulikuwa umejaa watoto. Dada aliketi kati ya ndugu yake na binti, mtandio begani, mdomo wazi kwa watu kwa mara ya kwanza tangu augue. Ile familia ilipowasili na masanduku kwenye nyumba waliyorithi, alicheka. Paka wa kuchorwa alipodai kodi ya chumba, alicheka tena. Kisha geti likafunguka, bata akatokea na kofia yake, na ukumbi wote ukashangilia kabla hajasema neno. Dada naye akapiga makofi.

Bata akameza mate. Akapiga bawa ubavuni, pa!

Kikohozi hakutazama skrini. Alitazama mkono wa dada yake, uliokuwa umeinuka kupiga makofi mengine, ukabaki hewani.

"Shi... shimama!"

Watoto wakaangua kicheko. Binti alisimama kwenye kiti chake kwa furaha. "Baba! Bata anaongea kama Shangazi! Shangazi, umejisikia? Ni wewe!" Watu wa safu ya mbele waligeuka, wakitafuta huyo shangazi. Dada aliushusha mkono, akauchukua mtandio begani, akajiziba mdomo. Hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho, mpaka majina yote yakapita, na lilipopita la ndugu yake akalifuata kwa macho mpaka likatoweka juu.

Njiani walisindikizwa na watoto wa barabarani waliojifanya bata. Nyumbani dada alimtuma mtoto uani kuanua nguo, akaketi. Kikohozi alibaki amesimama kama mshtakiwa.

"Nilicheka," dada alisema. "Alivyotembea tu nilicheka. Halafu n-nikamsikia ni nani."

"Dada, nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza." Neno lilimkwama hapo. Mkono wake ulitaka kwenda pajani, akaukalia. Alihangaika na lile neno kwa mdomo mtupu, mishipa ya shingo ikimsimama, na Kikohozi akatamani ardhi ipasuke immeze. Mwishowe likatoka. "Umekosea."

"Najua nimekosea."

"Hujui. Kofi. Umelipiga kabla ya neno. Mimi napiga pamoja na neno. Ukipiga kabla ni kioja tu, unawaambia watu jiandaeni kucheka." Akapumzika. "Na yule bata ni mpumbavu. Anafungulia wezi, anamfukuza mwenye nyumba. Kilicholegea kwangu ni mdomo, mdogo wangu. Kichwa hakijalegea."

"Walikuwa wanacheka, Dada." Alianza kulia, mtu mzima na ndevu zake. "Hawajawahi kunichekea mimi. Nilinogewa. Kila walipocheka nikaongeza. Nilijua ni wewe, nikaongeza."

Hilo la mwisho hakukusudia kulisema. Dada akatazama dirishani, ambako nje mtoto fulani alikuwa akimzuia mwenzake asipite.

"Jumatatu siendi," alisema. "Nikifungua mdomo pale, stendi nzima itamwona bata."

Jumapili kioo kilibaki msumarini. Kikohozi alikishusha alasiri, akakaa nacho mlangoni kwa dada, mlango haukufunguliwa. Binti alimwuliza kwa nini Shangazi hafanyi mazoezi. Akajibu kwamba Shangazi amechoka, na uongo huo nao ukamkaa kooni, yeye aliyekuwa bingwa wa kukohoa.

Jumatatu alipoamka alimkuta dada jikoni, amevaa sare yake ya stendi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, anakunywa chai kwa kijiko kwa sababu kikombe bado kilimmwagikia. Mtandio haukuwepo begani.

"Nisindikize," alisema.

"Dada, si lazima. Naweza kwenda kwa mkuu nikamweleza mimi mwenyewe kosa langu..."

"Ukamweleze ili iweje?" Akaweka kijiko chini. "Basi la saa mbili halimngoji bata. Twende."

Stendi ilikuwa imefurika wanafunzi na masanduku ya bati. Dada alipanda ngazi ya chumba chake peke yake, mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni, alikataa kushikwa. Mkuu wa stendi alimfungulia mlango juu, akaufunga nyuma yake. Kikohozi alibaki chini katikati ya mizigo, macho kwenye spika kubwa iliyofungwa juu ya nguzo.

Spika ikakwaruza. Wachache wakainua vichwa. Kisha ikasikika, kubwa kuliko ilivyo, sauti ya mtu akimeza mate, na baada yake kofi moja, pa!, pamoja na mwanzo wa neno uliokatika.

"Bata!" mtoto mmoja alipaza sauti kwa furaha. "Mama, bata yuko juu!" Kicheko kikazuka kwenye foleni, kikaruka kwa wauza maji, kikafika mpaka kwa madereva. Wanafunzi wakajipiga mapaja. Kikohozi aliinamisha uso, haya zikimchoma mpaka masikioni. Alingoja kusikia spika ikizimwa.

Haikuzimwa. Katikati ya kelele zile pumzi ya dada yake ilikuwa ikisikika, ndefu, haina haraka. Alikuwa anangoja. Kicheko kilipunguka, kikabaki kwa wavulana wawili watatu, nao wakatazamana, wakaona wako peke yao. Dereva mmoja akazima injini ili asikie. Juu ya nguzo, mtu akameza mate.

Na Kikohozi, pale chini kati ya masanduku ya watu, alijikuta ameinua kiganja chake juu ya paja na kukishikilia hapo hewani, akilisubiri neno.