Kwa Kinywa Chake

Siku walipokutana, kitu cha kwanza alichokiona Karambu kilikuwa kidogo: Salesio hakutazama midomo yake. Vumbi la mavuno ya ngano lilikuwa limejaa hewani, jua la Timau likilipenya bila kulipasha joto, naye Karambu alikuwa amekwama katikati ya jina lake mwenyewe. Salesio akatazama vumbi. Akangoja. Vumbi likatua, jina likafika.

Watu wengine hawangoji. Watu wengine humalizia. Dukani akitaka sukari, wanampa sabuni, naye anaenda nyumbani na sabuni.

Hata jina la shida yake lilitungwa na mtu asiyekuwa nayo. Kigugumizi. Neno la mawe matupu, gu juu ya gu, na aliyelitunga alilipita akikimbia. Mwalimu alipomuuliza ana nini, alikwama kwenye neno hilo hilo, darasa likacheka mpaka kengele. Lennox wa dawati lake alikuwa na kithembe, kila s yake ikitoka th, na neno kithembe alilitamka safi kama maji ya mlimani, mpaka mwalimu akamwambia, "Wewe huna kitu." Na bubu, neno jepesi ambalo hata mtoto mchanga analiweza, limetungiwa yule asiyeweza kulisema.

Darasa la sita Karambu hakulimaliza. Alienda kupalilia viazi. Viazi haviulizi.

Leo kibuyu cha uji kiko mezani, chini ya tenti. Kina Salesio wamekuja kuposa, na uji wa posa haunywewi mpaka binti aseme, kwa kinywa chake. Asiposema, wageni wanarudi nao.

"Wewe tingisha kichwa tu," shangazi yake Gatakaa alikuwa amemwambia asubuhi, akimfunga leso. "Mimi nitasema. Usituaibishe mbele ya watu."

Karambu hakutingisha kichwa hata kwa hilo. Alijua: akisemewa neno hili, ataolewa akisemewa, atazaa akisemewa, atazikwa akisemewa. Alimtaka Salesio. Lakini kumtaka huko kulikuwa kwake mwenyewe, na alitaka kutoke kinywani mwake.

Mzee Gitobu, msemaji wa wageni, akasimama na kofia mkononi. "Binti yetu, tunywe huu uji, ama turudi nao?"

"Ku," akasema Karambu. "Ku. Ku."

"Kuku tumeshamla," mjomba mmoja akasema kutoka benchi la nyuma. "Sasa tunauliza uji."

Tenti nzima ikacheka.

"Huyo amekubali, wazee," Shangazi Gatakaa akasema. "Ni kigugumizi tu. Kunyweni." Akalisema chapuchapu, bila kujikwaa popote, na Mzee Gitobu akanyoosha mkono.

Karambu akaweka kiganja juu ya mdomo wa kibuyu.

Mvuke ukamchoma, hakukiondoa. Neno lilikuwa limekaa kooni. Hakulisukuma, hakulikimbia, alisimama nalo. Salesio akatazama nyasi, akangoja. Na kwa kuwa kile kiganja hakikuondoka, Mzee Gitobu naye akangoja, na benchi la nyuma likaacha kucheka, mmoja mmoja, kama mvua inayokatika juu ya mabati. Ku, akasema. Ku, tena. Uso ulimkakamaa, mishipa ya shingo ikamsimama, na hakuinama.

"Kunyweni."

Wanawake wakapiga vigelegele. Vikombe vikagongana, mtu akakivuta kibuyu, shangazi akapumua na kusema, "Asante Yesu, imeisha."

Karambu hakuketi. Kulikuwa na neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu, si dukani, si darasani, si nyumbani, ingawa alilala nalo na kuamka nalo miaka yote. Akalisema sasa, polepole, likikwama na kuendelea, likikwama na kuendelea, mpaka mwisho wake.

"Sh-shangazi, mimi bado si-sijamaliza. Na mtu asini-nimalizie tena."