Debe la Tano

Fundi Halfani alinitia msumari wa inchi sita mkononi, akanionyesha bamba la saruji mbichi lililolala ndani ya fremu ya mbao mbele ya ofisi ya kijiji, likimeta kama uji uliokolea.

"Haya, mama msomi," akasema. "Una muda wa kuivisha sufuria ya muhogo, basi. Saruji haina subira."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mgongoni nilimbeba mtoto wangu wa pili, binti, amelala, shavu lake limeganda kwa jasho kwenye bega langu. Mkono wa kushoto nilishika karatasi ya Mwenyekiti, yenye majina manne.

Wafu wetu walikuwa watano.

Ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka sabini na tano. Redio ya kijiji haikuwa na neno jingine ila uhuru wa Msumbiji. Wakimbizi waliokaa nasi miaka kumi, tuliogawana nao mbegu, chumvi na misiba, walikuwa wakifunga mizigo. Lori lingewachukua Jumamosi. Kamati ikaamua kwamba kabla hawajavuka Ruvuma tuwe na kumbukumbu ya wale ambao vita viliwachukua upande wetu: Nikolao na Bonifasi, mgambo waliouawa kule mpakani, na wanawake walioangamia kwenye njia ya maji. Mwalimu wa kisomo akasema majina yataandikwa na mwanafunzi wake wa jioni, maana yeye aje toka Moshi kuandika wafu wa Newala kuna nini? Akanitaja mimi, Getrude, mama Dastani. Miaka minne nyuma nilikuwa naweka dole gumba. Nilirudi nyumbani nikijiona mrefu.

Kwetu juu ya uwanda maji hayachimbiki wala hayapiti. Yanafuatwa bondeni. Unashuka alfajiri, unapanda na debe moja kichwani, ukifika jua liko utosini. Halfani, Myao wa Masasi, alipofika na mwiko wake na kuliona tangi la mvua limekauka hadi ufa, alitutania bila huruma.

"Nyie Wamakonde watu wa ajabu. Mmejenga kijiji juu ya dari, kisima mkakisahau chini!"

"Na nyie Wayao mngejenga juu, mngekunywa maneno," akajibiwa.

Ndipo Mwenyekiti, Mzee Reginald, akatoa amri yake: kila ukoo wenye marehemu ulete debe moja. Saruji ya wafu ikandwe kwa maji ya waliofiwa. Ilikuwa amri nzuri na watu waliipenda. Naamini aliitoa kwa moyo safi, kwani debe la kwanza lilitoka nyumbani kwake, la marehemu dada yake, Valeria.

Asubuhi ile yakamiminwa madebe manne, moja moja, kimya, huku Halfani akigeuza mchanga na kokoto kwa koleo. Baada ya la nne akasimama, akafuta uso.

"Kavu. Nataka debe moja zaidi."

Watu wakatazamana. Bondeni na kurudi ni nusu siku. Mzee Reginald alikuwa ameingia ofisini kuandika karatasi ya majina.

Basi akatokea Ursula. Alikuja peke yake kutoka upande wa wakimbizi, debe kichwani, shingo imenyooka, vumbi jekundu hadi magotini. Akalitua bila kusaidiwa. "Shikamooni," akasema. Halfani asiyejua habari za kijiji chetu akaitikia marahaba ya furaha, akalinyanyua debe, akalimwaga lote.

Mzee Reginald akatoka, akalikuta tupu.

"Maji ya nani haya?"

"Ya Yuliana," Ursula akasema. "Dada yangu."

Mzee alimgeukia fundi, na fundi akainua mikono yenye saruji.

"Mzee, yameshaingia. Mimi kuyatia naweza. Kuyatoa sina ufundi huo."

Mzee alinipa karatasi yake tu. Majina manne.

*

Naomba nirudi nyuma, mwaka sabini na mbili, maana bila siku ile majina ni michoro.

Dastani alikuwa na miezi miwili. Nilimwacha kwa mama mkwe, nikashuka na wenzangu watatu: Valeria, aliyecheka hata akijikwaa, Kibibi, aliyekuwa na haraka siku zote, na Yuliana wa wakimbizi, mwanamke mkimya aliyejua kusuka mkeka kwa kupapasa. Tulichota tukaanza kupanda. Katikati ya mteremko njia hugawanyika. Kuna ile pana inayozunguka, ambayo askari walikuwa wakiikagua, na kuna ile ya mkato, iliyokwisha kuota majani kwa kuogopwa mabomu ya kutegwa ardhini.

Matiti yangu yalikuwa yamejaa hadi yanauma. Maziwa yalikuwa yameloanisha kanga, yanachuruzika tumboni. Mama aliyenyonyesha anajua: si maumivu tu, ni sauti. Nilikuwa namsikia mwanangu akilia, maili zile zote.

"Tupite huku," nikasema, nikionyesha mkato.

Yuliana akasimama. "Njia hii siku hizi hatuijui."

"Mtoto wangu ana njaa, dada. Tafadhali."

Akanitazama kifuani, akaona kanga ilivyoloa. Akatabasamu, mara yangu ya kwanza kuona meno yake. "Maziwa hayajui vita," akasema. Kisha akapita mbele yetu sote. "Basi mnifuate. Kanyageni ninapokanyaga mimi. Kwetu tumejifunza."

Nilibaki nyuma hatua chache, nikikaza kanga. Ndizo hizo hatua ninazoishi nazo. Sikusikia mlio, niliona ardhi ikisimama wima kama ukuta mwekundu, halafu maji, maji mengi, yakinyesha kutoka madebe yaliyokuwa hewani.

Watu walipofika, swali la kwanza lilikuwa: "Nani alitangulia?"

"Yuliana," nikasema.

Sikusema uongo. Nilisema neno moja la kweli, yaliyobaki nikayakalia. Kufikia siku ya tatu ya matanga neno lile lilikuwa limeota miguu. Yule Mmavia, Mmakonde wa ng'ambo, ndiye aliyewapeleka. Kwa nini njia ile, siku ile? Alitumwa na Wareno. Hata kaburi lake lilichimbwa mbali, kwenye mikorosho michanga, na wakimbizi wenzake wakaanza kupewa salamu nusu. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Klaudia, mtoto wa Valeria, alikuwa anakuja uani kwangu kila siku kucheza na Dastani, ananiita mama. Nilijiambia nitasema kesho, akishakua kidogo. Kesho zikawa miaka mitatu.

*

Nilipiga magoti. NIKOLAO. Msumari uliingia kwenye saruji kama kidole kwenye ugali. BONIFASI. Watu walisogea kutazama, wengine wakisoma kwa sauti, herufi moja moja, wenzangu wa darasani. KIBIBI. Mama yake alijifunika uso. VALERIA. Hapo Klaudia akachuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa mnong'ono ipi ni herufi ya kwanza ya mama. Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, bila kuigusa.

Chini ya jina lile palibaki nafasi, pana kiasi cha kiganja. Sijui kama Halfani aliipima au ilitokea tu. Ursula alisimama nyuma ya watu, debe tupu amelikumbatia kama mtoto. Hakuomba, na angeniomba ningeweza kukataa.

"Mzee," nikasema, "limebaki jina."

"La nani?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejizuia mbele ya watu. "La aliyewapeleka? Niliweke chini ya dada yangu, walale pamoja?"

"Hakuwapeleka yeye."

Nilimfungua binti yangu mgongoni nikampakata, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kushika.

"Nilikuwa mimi, Mzee. Mimi ndiye niliyetaka mkato. Mtoto alikuwa na njaa na maziwa yananitoka. Yuliana alikataa. Nilimbembeleza. Alipokubali, akatangulia ili sisi tukanyage nyayo zake. Mliniuliza nani alitangulia, nikawajibu. Hamkuniuliza kwa nini, na mimi nilishukuru."

Mtu nyuma yangu akasema, "Mama wee!" Mwingine akatema mate. Mama yake Kibibi alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo, tukipishana njiani, sijui kama limefumba. Ursula hakusogea. Ila lile debe likaanza kutoa mlio mdogo wa bati, kwa jinsi alivyokuwa akilibana kifuani.

Halfani alikuwa akigusagusa saruji kwa ncha ya kidole. Nilingoja Mzee anifukuze. Shamba letu aligawa yeye. Neno lake moja, mume wangu angekuwa anatafuta kijiji.

"Valeria," akasema hatimaye. "Alisema nini? Mwisho."

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Alikuwa ananicheka. Alisema, mwanao huyu ataniletea balaa kwa ulafi wake, kama wajomba zake."

Kitu kikapita usoni mwake, karibu kiwe kicheko. Akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, akiikokota baiskeli yake. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

"Mama," Halfani akaninong'oneza, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Inashika."

Nikamkabidhi Ursula mtoto wangu. Alimpokea kwa mikono miwili, akaliacha debe lianguke.

Saruji ilikuwa imekaza. Msumari uliteleza, ukakwaruza kama kuku. Halfani akanipa jiwe, nikagonga, herufi baada ya herufi, vumbi la kijivu likiniingia kuchani. YULIANA. Y imepinda, na N haikuingia vizuri. Mwalimu angenikosoa. Alikuwepo, hakunikosoa.

Jumamosi lori lilikuja. Ursula alinipa mkono, akaushikilia. "Mama yetu angali hai, ng'ambo," akasema. "Nitamwambia ameandikwa." Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba, mtu anayepanda lori na maisha yake yote humwongezei mzigo.

Halfani alikuwa ameagiza bamba limwagiliwe siku saba, la sivyo litapasuka. Kazi hiyo niliiomba mimi. Siku tano za kwanza nilikwenda na kibuyu changu, na watu walipita kama hawanioni, isipokuwa Klaudia, aliyekaa kando akisoma jina la mama yake kwa mkono, sasa akiligusa.

Siku ya sita nilichelewa, mtoto alikuwa na homa. Nilifika jua limepanda, nikiogopa ufa. Nilikuta bamba limeshaloa. Kwenye vumbi palikuwa na alama ya tairi za baiskeli, ikitoka upande wa nyumba ya Mwenyekiti na kurudi huko huko, na matone makubwa kandokando, ya mtu asiyezoea kubeba maji.

Nikachuchumaa. Maji yalikuwa yamejaa ndani ya majina, yanang'aa, kila herufi mfereji mdogo. Wanne walikuwa wamejaa hadi ukingoni. Jina la tano, kwa kuwa nililiandika juujuu, lilikuwa limeanza kukauka. Alikuwa amelimwagia pia, unyevu ulionekana.

Nikachota kwa kiganja kutoka kibuyu changu, nikalijaza.