Shamba la Mfuko wa Tano

Jumamosi asubuhi, mjini katika mtaa wa Makomeno, Mama Honorine alishona mifuko mitano kwa cherehani ya binti yake Léa. Kitambaa kilikuwa cha godoro kuukuu, kizito, chenye mistari ya buluu, cha kupitisha maji na kubakiza udongo. Kila mfuko aliuwekea mikono miwili ya kuubebea, akarudia mshono mara mbili, maana viazi vikianza kunenepa huko chini havina adabu.

Hakuwa mtu wa mifuko. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amelima shamba lake upande wa Annexe, ng'ambo ya mto Naviundu: viazi mviringo, mboga za lengalenga, na maharage kidogo. Kisha ikaja kampuni moja ya madini na karatasi kutoka Kinshasa, na wakulima wakapewa wiki mbili wawe wameondoka. Kwenye mkutano, mama mmoja wa kampuni mwenye sauti nzuri aliwaonyesha picha ya mifuko ya kitambaa iliyojaa majani mabichi, akasema watu wa kisasa wanalima nyumbani. Wakulima walipiga makofi, kwa sababu walikuwa wamepewa soda.

Siku ya mwisho Honorine alikwenda shambani na mifuko yake. Alichota udongo wa pembe zote nne, kama mama yake alivyomfundisha kufanya mtu anapohama, ili shamba lisije likajiona limetupwa. Akaongeza udongo wa kichuguu, ambao kwao unaaminiwa kuliko mbolea ya dukani. Kwenye pembe ya nne alikuta nguzo fupi ya saruji, mpya kabisa, yenye kichwa cha chuma na namba 14. Aliona itafaa kuegemeza mfuko usiangushwe na upepo. Akaing'oa, akaipakia kwenye pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, pamoja na vitu vyake. Namba hakuijali. Kitu cha kuegemeza mfuko hakina haja ya kusomwa.

Chakula hakikuwa shida pale Makomeno, nyumbani kwa Léa alikohamia. Shida ilikuwa Hénoc, mume wa Léa, mwalimu wa shule ya msingi na mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya mambo yangekuwa rahisi. Lakini kwao mkwe mwema anaheshimiwa, na heshima hiyo ni kazi nzito: mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina. Ua wao ulikuwa na upana wa hatua sita, choo kimoja na bomba moja. Hénoc akitoka shule alisimama getini akakohoa mara tatu. Honorine alijifunika kitenge kichwani, akageukia ukuta, na mkwe akapita. Siku nyingine alikoholewa mara kumi kabla ya jioni. Alichoka. Alitaka mahali pamoja tu chini ya mbingu ambapo angesimama bila kugeukia ukuta, na ale kitu ambacho hakupewa na mtu.

Basi alipanda viazi vilivyochipua, mifuko ikiwa imekunjwa hadi nusu. Mashina yalivyopanda, naye alikunjua kitambaa na kuongeza udongo. Wiki ya nane aliingiza mkono kupapasa kama kuna kitu, bila kung'oa mmea. Katika mifuko minne alikuta viazi vya ukubwa wa yai. Katika mfuko wa tano, ule ulioegemea nguzo ya saruji, mkono uliingia hadi kwapani, na vidole vikashika mpini wa jembe. Lilikuwa jembe lake, alilolisahau kule shambani. Alilitambua kwa waya aliokuwa ameufunga mwenyewe mpini ulipopasuka.

Kesho yake alipanda juu ya kigoda, akakaza kitenge kiunoni, akasogeza mashina pembeni, akaingia kwa kichwa.

Shamba lilikuwa mle, lote. Matuta yalikuwa mahali pake, kichuguu mahali pake, kibanda cha nyasi kikiinama upande uleule. Makomeno kulikuwa na jua kali, lakini mle mvua ilikuwa inanyesha. Honorine alipalilia mpaka saa sita, akatoka ameloa, na fungu la lengalenga mkononi.

Léa alikuwa anaosha sahani. “Mama, kule mu ndani kunanyesha?”

“Kunanyesha muzuri.”

“Basi kesho mukamate parapluie.”

Maisha yakawa matamu. Honorine aliingia mfukoni kila asubuhi, mwavuli mkononi, akatoka jioni. Mle alisimama wima, akaimba kwa sauti, akala viazi vyake vya kuchoma akitazama upande wowote alioupenda. Lakini aliyefurahi zaidi ni Hénoc. Kwa mara ya kwanza tangu mkwewe ahamie, alivaa kaptula katika ua wake mwenyewe. Aliwasifia walimu wenzake kilimo cha mifuko, akasema kinaleta amani katika nyumba.

Mwezi wa tatu akaja mtu getini, amevaa jaketi la rangi ya chungwa, ameshika chombo kinacholia. Alikuwa Godefroid, mpima ardhi wa kampuni, na alikuwa amechoka.

“Jambo yenu, mama. Pardon. Minatafuta shamba.”

“Shamba gani?”

“Yenye kupotea. Camions yetu ya kubeba udongo ilifika kule Annexe, haikukuta kintu. Unatoka mu mihogo ya jirani, kisha uko mu barabara. Pakati yake hakuna.”

Chombo kilimpeleka moja kwa moja kwenye mfuko wa tano. Godefroid alipiga magoti, akaifuta nguzo vumbi, akasoma namba 14 kwa furaha ya mtu aliyemwona ndugu yake.

“Borne yetu, nguzo ya mupaka, njo hii,” alisema. “Penye borne iko, njo penye concession, udongo ya kampuni, iko.”

Hénoc, aliyekuwa amegeukia ukuta wa jikoni, alisema kwa sauti, “Léa, ambia mama arudishe borne ya bantu ya kampuni.”

Honorine, aliyekuwa amegeukia ukuta wa choo, alijibu, “Léa, ambia bwana yako nitairudisha leo leo. Njo mi mwenyewe niliing'oa kule.”

“Hapana, mama,” Godefroid alisema kwa upole. “Borne haitokake hivi hivi. Inaomba ofisi ya cadastre, inaomba karatasi ya procès-verbal, inaomba signature tatu.” Akaandika katika daftari lake kwamba nguzo namba 14 imekutwa mahali pake, katika hali nzuri.

Jumatatu kampuni ilimleta mlinzi. Aliitwa Fils, yaani Mwana. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na wajukuu wanne, lakini baba yake alimwita Fils, na hakuna aliyepata nafasi ya kubadilisha. Aliweka kiti chake kando ya mfuko, akafungua rejista magotini.

“Mama, muko na karatasi ya autorisation?”

“Mufuko ni yangu. Nilishona mi mwenyewe.”

“Mufuko njo yenu, mama, hakuna muntu anakatala. Ile ya mu ndani njo ya société, kampuni yetu.”

Alimpa kalamu. Rejista iliuliza jina, saa, na sababu ya kuingia. Honorine aliandika polepole, kwa herufi kubwa: NALIMAKA HAPA MIAKA MAKUMI TATU NA MOYA.

Fils alisoma mara mbili, kwa heshima. “Mama, hii haiko sababu.”

Mwishoni wakakubaliana aandike “mgeni”. Alipewa kofia ngumu ya kazi na ruhusa ya saa mbili, bila jembe, kwa sababu mgeni halimi, na bila kuvuna, kwa sababu viazi vilikuwa vimelala juu ya madini. Kwa hiyo kila asubuhi Honorine aliingia shambani kwake kama mgeni, akakaa juu ya kichuguu, akatazama majani ya viazi yakikauka. Siku moja alilia. Alilia kwa uchungu kabisa, kofia ikimteremkia machoni. Kisha Fils akamwita kutoka juu kwamba saa zimekwisha.

Baada ya wiki mbili ngurumo za injini zilianza kutoka mfukoni. Sufuria zikacheza jikoni, vumbi jekundu likatanda kwenye nguo zilizoanikwa, na Léa akahamisha kamba ya nguo. Magari hayakupita getini. Huko ndani kampuni ilikuwa na barabara yake. Kila siku mfuko ulinywea kidogo, mpaka masika yalipokwisha ukalala chini kama foronya. Honorine alipoingiza mkono aligusa mshono wake mwenyewe. Akaufua, akauanika.

Mifuko minne iliyobaki ilitoa beseni moja la viazi. Hénoc alivila sebuleni, Honorine akavila jikoni, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

“Léa,” Hénoc aliita, “ambia mama ile pomme de terre iko tamu.”

Nguzo namba 14 ilibaki pale pale, maana signature tatu hazikupatikana. Godefroid alirudi na chombo chake, akapima tena. Mfuko haukuwa na kitu, lakini nguzo ilikuwa imesimama uani, kwa hiyo akaandika kwamba sasa concession ni ua huo. Fils alihamisha kiti chake hadi getini. Honorine alimpelekea chai, kwa sababu jua ni jua, hata kwa mlinzi.

Jioni hiyo Hénoc alitoka shule na kifurushi cha madaftari kwapani. Alisimama getini, akakohoa mara tatu. Honorine akajifunika kitenge, akageukia ukuta. Hénoc alipoinua mguu apite, Fils alimpa rejista na kalamu.

Hénoc aliandika jina lake. Aliandika saa. Penye sababu alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Ninaishi hapa.

Fils alisoma mara mbili, kwa heshima.

“Mwalimu,” alisema, “hii haiko sababu.”