Mjomba Alisawazisha

"Kumi na moja! Jamani, kumi na moja, haki ya Mungu, na huyu mmoja amejikunja!"

"Redio, punguza sauti," daktari akasema.

Angepunguzaje? Jina la Redio alipachikwa nyumbani akiwa na miaka minne, kwa sababu jambo likiingia sikioni mwake lilikuwa halimalizi hata dakika kabla ya kutokea mdomoni. Chuo kilimpa shahada, kituo cha utafiti kikampa koti jeupe na kazi ya kuhesabu nywele, lakini swichi ya kuzimia hakuna aliyempa. Na kichwa alichokiinamia na lenzi hakikuwa cha mtu baki. Kilikuwa cha mjomba wake, kaka wa mama yake, kinyozi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kioo, na kila mwenye macho alijua kwa nini.

Utosini mwa Mjomba palikuwa na miduara miwili, kila mmoja sawa na kifungo cha koti, una nukta ya wino usiofutika katikati. Mmoja ulidungwa seli za kuotesha nywele. Mwingine ulidungwa maji ya chumvi matupu. Upi ni upi, iliandikwa kwenye bahasha iliyofungiwa kabatini, na daktari mwenyewe hakujua. Mwenye kichwa ndiyo kabisa, hakutakiwa kusikia hesabu yoyote mpaka siku bahasha itakapofunguliwa.

"Nimesikia kumi na moja," Mjomba akasema kutoka kitini. "Huku kushoto, eh?"

"Hujasikia kitu."

"Haya, sijasikia kitu," Mjomba akakubali, akavaa kofia yake, akatoka akipiga mluzi.

Kufika saa kumi alasiri, kule kwenye kibanda chake cha kunyolea, kumi na moja ilishakuwa msitu. Redio alipopita kusalimia alikuta benchi limejaa. Fundi wa kuchomelea mageti, ambaye nywele zake zilikuwa zimerudi nyuma mpaka karibu na kola, alimdaka mkono.

"Binti, na mimi nidungeni. Kama shida ni seli, chukueni za mke wangu. Anazo mpaka kiunoni."

"Zile?" mwalimu mstaafu akamkatiza. "Zile nimeziona zimeanikwa kwenye kamba."

Benchi zima lilicheka mpaka likayumba.

"Haiwi hivyo, baba," Redio akasema, na mwenyewe anajua akianza hapo haishii karibu. "Za mtu mwingine mwili wako unazifukuza. Tunachukua zako mwenyewe, huku kisogoni, kinyama kidogo kuliko punje ya dengu. Tunazilea kwenye kisahani, zinakula, zinaongezeka, mpaka milioni kadhaa, halafu zinarudishwa juu kwa sindano."

"Milioni kadhaa! Na zilizoota?"

Redio aliuma mdomo. "Chache."

"Hizo nyingine zina nini?"

"Zikilala kwenye kisahani zikalishwa bure, zinasahau kazi. Zinazaana tu. Inabidi tuzikusanye vikundi vikundi, zikumbushane zilikuwa nani."

"Kumbe ni kamati ya mtaa," mwalimu akasema.

Mjomba hakucheka. Alivua kofia mbele ya wateja, jambo ambalo kibandani hakuwahi kulifanya, akafungua droo, akatoa kitana kilichokuwa bado kwenye nailoni yake.

"Hiki nilikinunua mwaka zilipoanza kuniaga," akasema. "Mwaka wa ishirini na mbili huu. Nachana vichwa vya watu kutwa, changu nakipangusa na kitambaa. Mpwa wangu, niambie kweli. Ni nywele au ni manyoya ya kunifurahisha?"

"Ni nywele, Mjomba," Redio akajibu. Akatoka pale, na mwenyewe hakuwa na hakika. Vinyweleo vile vilikuwa vyembamba kama vya shavu la mtoto mchanga.

Jumatatu walikuja wafadhili, watu watano wenye viatu vya kung'aa. Ukutani palibandikwa picha ya mwanamume mwenye nywele kama kichaka, ambaye Redio alijua fika hajawahi kuwa na kipara maishani. Daktari alizungumza dakika arobaini juu ya mapinduzi. Hakugusia kwamba kati ya washiriki kumi na wawili, kumi na mmoja hawakuwa na hata unywele wa kuhesabu. Mapinduzi yote yalikuwa chini ya kofia moja.

"Mzee, karibu. Vua tu."

Mjomba akavua. Kichwa kiling'aa kikashinda viatu.

"Mjomba," Redio akanong'ona, "ziko wapi?"

"Nimesawazisha."

"Umefanya nini?"

"Kushoto zilizidi, kulia hamna kitu. Mimi ni kinyozi miaka thelathini, mama! Nije mbele ya wageni na kichwa hakiko sawa? Wangesema nimejinyoa nikisinzia."

Daktari aliwageukia wafadhili, uso umemshuka, akatangaza kwamba wanachokiona ni hatua ya maandalizi. Wafadhili wakaandika. Walipotoka kunywa chai alimwambia Redio amfute Mjomba kwenye orodha.

"Daktari, subiri," Redio akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Amezipitishia mashine tu, hajazing'oa. Kama zina mzizi, zitarudi zenyewe. Kama yalikuwa manyoya ya kupita, basi. Tumpe siku tano."

Daktari alikitazama kichwa, akaitazama na ile picha ukutani. "Siku tano. Ila wewe ukisema namba kabla ya bahasha kufunguliwa, koti hilo unalivua."

Siku ya tano Redio aliinama na lenzi, Mjomba amekibana kitana chake katikati ya magoti. Kulia, hamna. Kushoto akahesabu. Akafuta lenzi. Akahesabu tena, vishina vyeusi vilivyosimama kama nukta za kalamu, na huyu hapa yule wa kujikunja. Vilikuwa kumi na vinne. Redio alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lenzi ikaanguka.

Bahasha ingefunguliwa kesho yake saa nne.

Alimsindikiza Mjomba mpaka kibandani bila kutoa neno, na mtaani watu walimuuliza kama anaumwa jino. Mjomba alivaa eproni, akaanza kumnyoa fundi wa mageti. Katikati ya kazi, upande mmoja umeisha na mwingine bado, mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe mpaka utosini. Vidole vilivyonyoa miaka thelathini vikapita pale juu taratibu. Vikarudi.

"Zinakwaruza," akasema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Redio. Zinakwaruza! Hii ni nywele!"

Redio alibana midomo tu, mashavu yamemvimba kama anapuliza puto.

Vidole vikahamia kulia. Huko kulikuwa laini kabisa. Mjomba akakunja uso, akajitazama kwenye kioo kikubwa, kushoto, kulia, kushoto, na mkono wenye mashine ukaanza kupanda.

Redio aliruka. Aliichomoa mashine mkononi, akachukua na ile ya akiba, na mkasi, na wembe, vyote akavitia mkobani.

"Mjomba, ngapi, na sindano ya upande upi, nitakwambia kesho saa nne. Mpaka hapo, vyombo nalala navyo mimi!"

"Na mimi je?" fundi akauliza, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Na wewe kesho, baba," Redio akasema, tayari yuko mlangoni. "Zote kesho!"